Mpinzani wako ni yule mteja anayemtaja: jibu kwa fundi wa Chake Chake

Swali: "Assalamu alaikum Maalim. Mimi ni fundi pikipiki hapa Chake Chake. Nina Boxer 150 ambayo injini yake ni nzima lakini bodi imeliwa na kutu. Nataka kuivua yote niijenge upya kwa umbo la zamani: tangi la mviringo, taa duara, siti iliyonyooka. Nikimaliza hii na ikapata mnunuzi, nitajenga nyengine. Kila usiku natazama picha za Royal Enfield na Triumph. Mwenzangu wa gereji ananiambia huo ni wizi, kwamba mbunifu wa kweli haangalii kazi za washindani. Je, viwanda vikubwa navyo hutazama pikipiki za wapinzani wao? Vinachukua nini na kuacha nini? Na mimi nitazame zipi?"

Waalaikum salaam, mwanangu.

Mwenzako anakutakia mema, ila historia ya pikipiki haiko upande wake. Pikipiki karibu zote unazozisifu zilichorwa na watu waliokuwa wakimtazama mpinzani, na baadhi ya viwanda vimelisema hilo wazi katika historia zao wenyewe. Kwa hiyo tazama, tena tazama kwa makini kuliko unavyofanya sasa. Nina wasiwasi na jambo moja tu: hizo unazozitazama usiku si wapinzani wako. Umezipenda, na kupenda si vibaya, lakini mpinzani ni yule ambaye mteja humtaja mdomoni pale anapokataa kuchukua cha kwako. Nitakueleza kwa nini nasema hivyo, halafu turudi kwenye Boxer yako.

Chukua Honda. Mwaka 1965 walitoa CB450, wakitaka imkabili Mwingereza huko Marekani. Waingereza wakati huo walikuwa na pikipiki za silinda mbili za cc 650, na iliyokuwa ikisemwa zaidi ni Triumph Bonneville, iliyotoka mwaka 1959 na kupewa jina la uwanda wa chumvi wa Utah ambako watu hukimbizana na rekodi za mwendo. Honda waliamini kwamba cc 450 zenye kamshafti mbili (shafti zinazofungua valvu) zinatosha kuishinda 650. Kwa mahesabu ya injini hawakuwa mbali. Lakini waendeshaji wa Kimarekani waliijaribu, wakaisifu, kisha wakaenda kununua 650. Yoshiro Harada, aliyekuwa akiongoza uchoraji wa pikipiki kubwa za Honda, akafika mwenyewe Marekani kuwasikiliza. Alichorudi nacho hakikuwa mchoro wa Bonneville. Alirudi akijua mteja anataka nini asichokipata kwake: ukubwa, na nguvu ambayo dereva anaisikia bila kulazimika kuizungusha injini hadi ilie.

Hapo ndipo ilipozaliwa CB750, iliyoonyeshwa Tokyo Oktoba 1968 na kuingia sokoni mwaka 1969. Katika historia yao Honda wanaeleza kwamba walilenga nguvu farasi 67 kwa sababu Harley-Davidson ya cc 1300 ilikuwa na 66. Moja tu juu ya mpinzani, basi. Nguvu ya pikipiki iliyobadilisha dunia ilipangwa kwa kuangalia karatasi ya mtu mwengine.

Sasa angalia walichochukua na walichoacha, maana hapa ndipo penye elimu. Walichukua mkao: mgongo wima, usukani mpana, siti bapa ya watu wawili, taa duara mbele, tangi linaloshikwa na magoti. Mwendeshaji wa Triumph akipanda CB750 hakuhitaji kujifunza upya kukaa. Wakaacha ugonjwa. Injini za Kiingereza za wakati ule maganda yake, yaani kasha la chini linaloshika krenki na oili, yaliunganishwa katikati kwa mstari wa kusimama, kwa hiyo kiungo kilipita kwenye oili, na oili ikapata njia ya kutoka. Honda wakalikata ganda kwa mlalo, kiungo kikakaa juu ya usawa wa oili. Wakaweka selfu mahali ambapo Mwingereza alikuwa bado anapiga kiki, na breki ya diski mbele mahali ambapo wengi walikuwa na breki ya ngoma. Kila walipomkuta mpinzani amemchosha mteja wake, waliingia hapo hapo.

Kisa cha Kawasaki ndicho kinachonigusa zaidi. Wakati huo huo nao walikuwa wakitengeneza pikipiki ya silinda nne ya cc 750, kwa siri. Kazi ilikuwa imekwenda mbali. Honda wakawatangulia pale Tokyo. Fikiria uchungu wa wahandisi wale: umechora miaka, halafu unaona cha kwako kimesimama kwenye jukwaa la mwenzio. Wangeweza kumalizia haraka na kuuza chao, kingekuwa kizuri tu. Lakini wasingekuwa na la kumjibu mteja anayeuliza kwa nini anunue yao na siyo ya Honda. Wakaiweka kando, wakaongeza ukubwa hadi cc 903, wakaweka kamshafti mbili juu, na mwaka 1972 ikatoka Z1. Tangi lake lilichongwa kama tone la maji na mkia wa nyuma ukainuliwa kidogo, na hadi leo umbo hilo hulitambui kama la Honda hata ukiliona kivuli. Mpinzani aliwafundisha wapi pasiwe pao. Mwishoni mwa 2017 Kawasaki hao hao wakaonyesha Z900RS: injini ya kisasa ya cc 948 inayopozwa kwa maji, imevishwa umbo la Z1, na kwenye silinda wamechonga mapezi, kama yale ya kupozea injini za hewa, lakini ya kupendezesha tu. Mimi mapezi ya uongo siyapendi, nakwambia ukweli wangu, ijapokuwa mistari ya tangi na mkia naiona safi kabisa.

Unaposikia mtu anasema Mjapani alimwibia Mwingereza, mwambie asubiri asikie yote. Kampuni ya Meguro ya Japani mwaka 1960 ilitoa K1, pikipiki ya cc 500 iliyofuata kwa karibu sana BSA A7 ya Uingereza. Meguro ikamezwa na Kawasaki, na kutoka damu hiyo ikatoka W1 ya mwaka 1966, cc 624. Baadaye viwanda vya Uingereza vikaanguka kimoja kimoja. Kiwanda cha Triumph cha Meriden kilifungwa mwaka 1983, jina likanunuliwa na John Bloor, akajenga kiwanda kipya Hinckley na kuanza upya mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini kwa pikipiki za kisasa. Mwaka 1999 Kawasaki wakatoa W650: silinda mbili wima, bomba mbili ndefu, tangi lenye rangi mbili. Kwa mbali ungeapa ni Bonneville. Triumph wenyewe walirudi na Bonneville mpya kama toleo la 2001. Kwa muda huo, aliyetaka pikipiki mpya yenye sura ya Uingereza ya miaka ya 60 alikwenda duka la Kawasaki. Mwenye umbo lake alirudi sokoni akamkuta mgeni keshakaa, na ikambidi amtazame mgeni huyo ili ajue watu sasa wanategemea nini: selfu inayoshika asubuhi, oili isiyodondoka sakafuni, breki ya kweli.

Tena W650 haikuwa nakala. Ukiitazama kwa upande wa kulia utaona mnara mwembamba unaopanda kando ya silinda. Ndani yake mna shafti na gia za pembe zinazozungusha kamshafti. Bonneville haijawahi kuwa na kitu hicho. Mafundi wanakijua zaidi kutoka Ducati za zamani. Waliazima umbo la jumla kwa mmoja, kipambo kimoja cha uhandisi kwa mwengine, na kipambo hicho kinafanya kazi kweli.

Kuna waliochukua umbo wakaambulia patupu. Honda walipeleka Marekani GB500 mwaka 1989, silinda moja, maridadi, imefuata pikipiki za mbio za Kiingereza hadi kwenye mistari ya dhahabu ya tangi. Ilikuwa imetengenezwa vizuri kuliko zile ilizozifuata. Haikuuzika. Naona sababu ni kwamba hakuna mteja aliyekuwa ameomba. Waliotamani zile za Kiingereza walitaka zile zenyewe, na waliotaka Honda walitaka kitu kipya. Walimtazama mpinzani aliyekwisha kufa, wakawasahau walio hai.

Umbo ni la macho, lakini kuna vitu vya sikio na vya mkono ambavyo navyo husafiri kutoka kwa mpinzani hadi kwa mpinzani, na hivi hujifunzi kwa picha. Mwaka 1995 Yamaha walitoa TRX850. Fremu yake ya mabomba yaliyounganishwa pembetatu-pembetatu inakuonyesha mara moja walikuwa wakimtazama Ducati. Ducati hupanga silinda zake mbili kwa pembe ya nyuzi 90, ndiyo maana mlio wake hudunda kwa mapigo yasiyolingana ambayo wapenzi wake huyatambua wakiwa ndani ya nyumba. Yamaha walikuwa na silinda mbili zilizosimama bega kwa bega. Badala ya kujenga injini mpya, walibadilisha krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni: pini ya pili wakaiweka nyuzi 270 kutoka ya kwanza. Silinda ya kwanza ikilipuka, krenki inazunguka nyuzi 270, ya pili inalipuka, halafu zinapita nyuzi 450 kabla ya mzunguko kuanza tena. Huo ndio mpangilio wa mapigo ya Ducati ndani ya injini yenye umbo la Kiingereza. Faida yake si mlio peke yake. Katika injini za zamani za silinda mbili wima pistoni zote mbili zilifika mwisho wa safari na kusimama kwa wakati mmoja, na krenki ikawa inavutwa na kuachiwa. Kwa nyuzi 270, pistoni moja ikisimama, mwenzake yuko kwenye mwendo wake mkali, kwa hiyo tairi ya nyuma inapata nguvu iliyotulia zaidi.

Triumph wakauchukua mpangilio huo, na Bonneville T120 ya mwaka 2016 inao. Bonneville ya asili pistoni zake zilipanda na kushuka pamoja. Maana yake ni kwamba mlio wa pikipiki inayosifiwa kwa kuhifadhi Uingereza ya zamani una asili ya Italia, uliopita Japani kwanza. Sisemi haya kuwashusha. Nasema ili ujue kwamba umbo la zamani linaweza kubeba fikra iliyotoka kokote, ilimradi fikra hiyo inatatua tatizo.

Royal Enfield, uipendayo, iko kwenye mnyororo huo huo. Ilianza Redditch, Uingereza, na tangu mwaka 1955 pikipiki zake zikaanza kuunganishwa Madras, India, ambako ziliendelea kuishi baada ya kiwanda cha Uingereza kufa. Mwaka 2018 walipoingiza sokoni Interceptor 650, kila mtu alijua inamtazama nani. Silinda mbili wima, cc 648, krenki ya nyuzi 270. Lakini walijua wanaotaja Triumph na kuishia kutaja tu ni wengi kuliko wanaoweza kuilipia. Kwa hiyo hawakukimbizana na nguvu: nguvu farasi 47, inapozwa kwa hewa na oili bila rejeta ya maji, na bei iko chini sana ya Bonneville. Jina la Interceptor ni lao wenyewe tangu miaka ya 1960, na umbo la tangi wakalitoa kwenye kabati lao. Fremu wakaichora na Harris Performance, kampuni ya Uingereza waliyoinunua mwaka 2015, kwa sababu fremu za Royal Enfield za India zilikuwa zikilalamikiwa kwenye kona. Unaona mpangilio? Pengo wamelisoma kwa mpinzani, sura wameitoa nyumbani, udhaifu wao wameununulia dawa.

Kisha mambo yakageuka. Honda mwaka 2020 waliwafuata Royal Enfield mlangoni kwao India na CB350, silinda moja ya cc 348 yenye mwendo mrefu wa pistoni, milimita 70 kwa 90.5, ili idunde polepole kama watu wa huko wanavyopenda. Mwaka 2023 Triumph, safari hii ikitengenezewa na Bajaj, ikashuka na Speed 400 yenye nguvu farasi 40, mara mbili ya Enfield ya 350. Enfield wakajibu mwaka 2024 kwa Guerrilla 450, injini inayopozwa kwa maji, nguvu farasi 40. Aliyekuwa akimtazama wa juu akajikuta anatazamwa. BMW, Ducati na Yamaha nao wana za kwao za mtindo huu, na hadithi zao zinafanana na hizi.

Turudi Pemba.

Ukimaliza pikipiki yako, nani atasimama mbele yake na kuikataa, na atataja nini? Hatasema "bora ningenunua Bonneville." Atasema "bora nichukue Boxer mpya," au TVS, au ile ya Kichina anayoiona kila siku stendi. Na akiwa mtu mzima wa mjini, atasema "bora Vespa." Hawa ndio wapinzani wako, na wote unaweza kuwagusa kwa mkono. Boxer yenyewe ilizaliwa Bajaj ilipokuwa ikishirikiana na Kawasaki, na TVS alikuwa mshirika wa Suzuki hadi mwaka 2001, kwa hiyo usidhani unacheza na wadogo.

Vespa itazame kwa heshima. Umbo lake la zamani halijawahi kutoka kwenye mitaa yetu. Nenda Darajani au Michenzani jioni uone. Aliyeichora mwaka 1946, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege, na pikipiki hakuzipenda kwa sababu zinachafua nguo na mnyororo wake ni kero. Akaficha injini, akaondoa mnyororo, akaacha nafasi ya miguu. Ndiyo maana mwenye kanzu anaipanda akashuka msafi, na mama mwenye buibui anakaa nyuma bila ya nguo kuvutwa. Wewe unajenga pikipiki yenye mnyororo na spoku wazi katika kisiwa ambacho abiria wengi wamevaa buibui na kanga. Hapo pana pengo la kweli, na pengo hilo ni la hatari pia: nguo ikishikwa na mnyororo, mtu anaanguka.

Dawa yake utaipata kwenye pikipiki ambayo hukuitaja, nami ningependa ndiyo uitazame kuliko zote: Honda CG125 ya mwaka 1976. Wahandisi walioichora walijua inakwenda kwa watu wanaobeba mzigo na kuchelewesha kubadilisha oili. Wakaacha kamshafti ya juu, wakarudi kwenye pushrodi, vijiti vinavyosukuma valvu kutoka chini, ili kusiwe na mnyororo wa ndani wa kuchakaa. Na ule mnyororo wa nyuma wakaufunika wote, juu na chini, kwa kava ya bati. Mchanga hauingii, grisi haitoki, nguo haishikwi. Injini yake ndiyo iliyonakiliwa China hadi leo, kwa hiyo ukiuliza wazee wa gereji utapata hata kava lililotupwa. Itengeneze kava kamili ya namna ile kwa Boxer yako. Kwa macho itaonekana ya zamani papo hapo, na haitakuwa pambo.

Faida ya pili ya CG ni kipimo. Royal Enfield Classic 350 ina uzito wa kilo 195 na silinda kubwa inayojaza fremu. Ukiweka tangi kama lake juu ya injini ya cc 144.8, injini itapotea chini kama imesahauliwa. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kwenye pikipiki za kujengwa: tangi la jitu, injini ya mtoto, na katikati yao hewa tupu. CG ina injini ya kimo kama cha yako, na uwiano wake unakaa sawa. Piga picha ya CG kwa ubavu, simu iwe kwenye usawa wa ekseli, mbali hatua kumi. Piga na Boxer yako vivyo hivyo. Zichapishe kwa ukubwa mmoja. Chora mstari kutoka chini ya tangi hadi chini ya siti: katika pikipiki za zamani mstari huo unakwenda karibu sawa na ardhi, na macho hutulia hapo. Kwenye Boxer utaona umevunjika. Kisha pima ile nafasi kati ya chini ya tangi na kichwa cha silinda. Lishushe tangi mpaka nafasi hiyo ifanane na ya CG, acha tu uwazi wa kutosha kufikia plagi na kurekebisha valvu. Vibao vya ubavuni vya umbo la yai vitafunika betri na kuziba hewa iliyobaki.

Gurudumu la mbele lipandishe liwe la inchi 18 la spoku. Boxer ina 17. Classic 350 ina 19 mbele na 18 nyuma, na hiyo mbele kubwa ni sehemu kubwa ya uzee wake machoni, lakini kwa uzito wa yako 18 inatosha, na tairi ya 2.75-18 inapatikana kwa wenye pikipiki za Kichina. Hakikisha madigadi haigusi shokapu zikibonyea, na ujue kipimo cha mwendo kikisomwa kutoka gurudumu hilo kitaonyesha pungufu kidogo ya mwendo halisi. Mwambie mnunuzi.

Mlio usiuhangaikie. Kudunda kwa Enfield kunatoka kwenye mwendo mrefu wa pistoni, milimita 85.8 kwa kipenyo cha 72, na gurudumu zito la krenki. Yako ni 56 kwa 58.8, karibu mraba. Ukitoboa sailensa utapata kelele tu, na utapita nayo mbele ya misikiti na skuli.

Kuna mambo mawili ambayo hawa wa Ulaya usiwafuate hata kidogo. La kwanza ni kromu. Huko kwao chumvi ya barabarani ni ya msimu. Hapa upepo wa bahari hauna likizo, na kromu nyembamba huvimba na kumenyuka. Rangi nzuri juu ya praima ya kuzuia kutu itadumu zaidi, na vifungo viwe vya stenlesi, ya daraja la 316 ukiipata kwa wanaotengeneza vyuma vya hoteli. La pili ni zile raba za magoti zinazobandikwa ubavuni mwa tangi. Zinavutia, najua. Lakini maji ya mvua yenye chumvi hukaa nyuma yake, na tangi hutoboka bila ya wewe kuona. Zichore kwa rangi nyeusi isiyong'aa. Madigadi zitoboe vitundu vya kutolea maji chini, sehemu ambayo Boxer yako ya sasa bila shaka ndiyo iliyooza kwanza.

Siti iwe ndefu. Picha za siti fupi ya mtu mmoja ni nzuri, lakini Pemba pikipiki isiyobeba mtu wa pili haina mnunuzi. Chini ya siti acha nondo ya kushikia na mahali pa kufunga kapu. Mtu wa Tumbe anayepeleka samaki asikose pa kufungia.

Nembo ya Triumph au Enfield usiibandike, hapo mwenzako wa gereji atakuwa na haki kamili. Fremu usiikate karibu na shingo ya usukani wala usiguse namba iliyogongwa pale, na nenda ofisi ya usajili wa vyombo uulize kabla hujawasha grenda, siyo baada.

Anza na tangi, maana ndilo litakaloamua mengine yote. Likate kwanza kwa kadibodi, liweke juu ya fremu, ukae, geuza usukani kulia na kushoto mpaka mwisho uone kama linagusa. Ukiridhika ndipo uhamie kwenye bati la milimita moja. Ukiwa unatumia tangi kuukuu, usilichomelee kamwe likiwa limewahi kukaa petroli mpaka ulisafishe na kulijaza maji hadi karibu na pale unapochomelea, kwani mvuke uliobaki hulipuka. Likimalizika, lijaze maji, likaushe nje, liache usiku kucha juu ya karatasi kavu. Asubuhi karatasi ikiwa na doa, tafuta tundu kabla ya kupaka rangi.